Nilidanganya kwamba kifurushi kimeharibika, na sasa mzee wa watu anakitengeneza

Mpendwa Mama Zdenka, mimi si mtu wa kuandika gazetini, mke wangu ndiye msomaji wako, kila Alhamisi hunisomea kwa sauti shida za watu tukiwa mezani nami hucheka hadi supu inanipalia, na leo zamu yangu imefika na kicheko sina, nakuomba kwa heshima zote unisaidie kabla ya Ijumaa, maana ikipita Ijumaa sijui nitamtazama nani usoni.

Kwanza nikueleze ninachofanya, kwa sababu bila hilo hutaelewa kitu. Mchana nafundisha umeme katika shule ya ufundi hapa Brno, lakini muda wangu wa ziada, mwaka wa kumi na moja huu, nauweka kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu ana ruhusa kuuchukua, kuusoma, kuubadilisha na kumpa mwenzake bure. Sasa programu ikitoka kwa walioiandika ni kama unga, mtu wa kawaida hawezi kuila hivyo hivyo, lazima apatikane wa kuukanda na kuuoka, yaani kuijenga, kuifunga vizuri na kuiweka kwenye seva za mradi wetu wa mfumo huria wa kompyuta, ambako maelfu ya kompyuta huja kuichukua zenyewe. Kilichofungwa tunakiita kifurushi, na mwenye kukitunza ni mlezi wake. Mimi ni mlezi wa vifurushi ishirini na vitatu, na kimoja kati ya hivyo, ambacho jina lake sitalitaja, ndicho kinachofungua video.

Tuna desturi moja, Mama, nayo ndiyo iliyoniponza. Kila unapogusa kifurushi unaandika kwenye daftari la mabadiliko umebadilisha nini na kwa sababu gani, na chini unaweka jina lako kamili, anwani ya barua pepe na tarehe, na daftari hilo linasomwa na dunia nzima. Kwetu sisi kubadilisha kitu bila kuandika sababu ni sawa na kuingia sebuleni kwa mtu na viatu vyenye tope. Hakuna anayekupiga, lakini wote wanakutazama.

Basi mwezi wa pili nikakuta mlangoni kikaratasi cha posta, nikaenda kuchukua, nikapewa bahasha nene kutoka ofisi ya mawakili ya nchi za nje, wanaiwakilisha kampuni ambayo sijawahi kuisikia na ambayo, kwa jinsi nilivyotafuta, haitengenezi chochote, inamiliki hataza tu. Hataza ni ile haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa miaka kadhaa. Wakasema namna fulani ya kubana picha ili video isiwe nzito ni mali yao, na kwamba namna hiyo imo ndani ya kifurushi, na kifurushi kina jina langu. Nikajiambia, lakini walioandika programu hii wameiandika wenyewe tangu mstari wa kwanza, hawakumwibia mtu, na leseni yao inaniruhusu kuigawa bure. Yote hayo ni kweli, Mama, na hayanisaidii kitu, kwa sababu leseni ni ruhusa ya aliyeandika, na hataza ni katazo la mtu mwingine ambaye hakuandika hata herufi moja. Kuna wanaosema huku Ulaya programu haipewi hataza, sawa, ikiitwa programu haipewi, lakini mawakili wanajua kuiita njia ya kiufundi, na hapo inapewa.

Walitaka nisaini tamko. Tamko linasema mimi nimesambaza, sitasambaza tena, na chini kuna nafasi ya kuwataja wote ninaowafahamu wanaosambaza kitu hicho hicho. Muda walionipa unaisha Ijumaa hii inayokuja.

Niliogopa, Mama, sitaki kujitetea. Bahasha nikaitumbukiza ndani ya kiatu changu cha kutelezea theluji kule chini ghalani, na siku hiyo hiyo nikaikata ile sehemu kwenye kifurushi. Halafu nikafika kwenye daftari, mahali pa sababu, vidole vikasimama. Ningeandika nimeikata kwa ajili ya hataza, ningekuwa nimekiri mbele ya dunia nzima kwamba nilijua, na huwa tunaonywa kila mara tusijadili hataza hadharani, kwamba mwenye wasiwasi aandikie anwani ya faragha ya mambo ya sheria. Hiyo anwani naijua. Sikuiandikia, niliona watanivua ulezi wangu wote. Basi nikaandika: "Sehemu hii imeondolewa kwa muda, inagoma kujengeka na zana mpya." Nikaweka jina langu na tarehe.

Nilidhani watu watanung'unika wiki moja wasahau. Kumbe, na hili mtu wa kazi hii alipaswa kulijua hata akiwa usingizini, ukiwaambia watu wa programu huria kwamba kitu kimeharibika hawanung'uniki, wanakuja kukusaidia.

Aliyekuja ni mzee mmoja wa Tišnov, Bwana Ctirad Vymazal, mhandisi mstaafu wa taa za reli, ana miaka sabini na sita. Yeye ndiye aliyeziokoa kompyuta kumi na moja za maktaba ya mji wao zilizokuwa zitupwe, akaziwekea mfumo wetu, na pale wazee wanakwenda kutazama mikanda ya zamani ya kikosi cha zimamoto, harusi zao na watoto wao wakiwa wadogo, na baada ya mimi kuikata ile sehemu video zote zikawa kiza kitupu. Akanipigia simu.

"Bwana mwalimu, lile tatizo lako nimelijaribu. Nimelijenga kwangu mara tatu, linajengeka."

"Kwako pengine, bwana mhandisi. Kwetu linagoma."

"Linagomaje? Nitumie ujumbe wa kosa."

Ujumbe wa kosa sikuwa nao kwa sababu kosa halikuwapo. Nikakaa, Mama Zdenka, mimi mwalimu, baba wa watu, nikatunga ujumbe wa kosa kwa mkono wangu, mistari minane, nikaupamba mpaka ukavutia, nikamtumia. Baada ya siku mbili akanirudishia kiraka, yaani msimbo wa kuondoa kosa ambalo halijawahi kuwako duniani, kimeandikwa safi, na maelezo marefu ya heshima. Nikamwambia bado. Nikatunga la pili. Akaliondoa na hilo. La tatu alilifanyia kazi wiki nzima, na katika kulihangaikia akagundua hitilafu nyingine, ya kweli, ambayo imekuwa ndani ya kifurushi changu kwa miaka minne bila mimi kuiona.

Mke wangu Blanka ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Juzi ananiambia, "Rado, siku hizi unakimbilia sanduku la barua kama msichana anayengoja barua ya mchumba. Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Nangoja orodha ya vifaa vya shule."

"Vifaa vya shule vimekukondesha hivyo? Wewe hukukonda hata tulipojenga nyumba."

Nikamwacha acheke, maana nilijua akiacha kucheka ataanza kuuliza.

Jana Jumapili mzee akaja mwenyewe hadi kwetu, kwa treni, na chupa ya matango ya siki na nyingine ya slivovice, pombe kali aliyoitengeneza kwa plamu zake, akakaa jikoni, akamsifu Blanka kwa keki, akanieleza kiraka chake cha tatu akikichora nyuma ya bahasha. Halafu akamimina glasi mbili, akasimama, akasema, "Tumefanya kazi pamoja wiki tano, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo ni juu yangu kusema. Yaishe mambo ya bwana mhandisi. Niite Ctirad." Unajua Mama jinsi jambo hilo lilivyo zito kwa watu wa umri wake, wako majirani wamekaa ukuta kwa ukuta miaka thelathini wakaitana bwana na bibi mpaka kaburini. Nikasimama, nikagonganisha glasi, nikamwita Ctirad, na ile pombe ilinishuka kama maji ya betri.

Kisha akanipa habari aliyoijia. "Nimeona unahangaika na hao wenzako wa seva kuu, nikasema nikupunguzie mzigo. Nimekijenga mwenyewe, kizima, na ile sehemu imo. Nimekiweka kwenye tovuti yangu. Nimeandika jina, mtaa na namba ya nyumba, na nimesema mwenye tatizo apige kengele, ila asije saa saba mchana, nalala." Akacheka. "Na Jumamosi ijayo wanakutana hapa wakutubi wa miji kumi na minne. Wamenipa nusu saa. Nitawagawia wote, warudi nacho makwao."

Blanka akampigia makofi. Mimi nikasema ni vizuri. Ndivyo nilivyosema, Mama, kwamba ni vizuri.

Sasa ona nilipo. Ijumaa ni tamko na Jumamosi ni wakutubi. Tamko linanitaka niwataje ninaowafahamu wanaosambaza, na ninayemfahamu ni mmoja, jina lake liko wazi na mtaa na namba ya nyumba. Nikimtaja nimemuuza mtu aliyeniletea matango. Nisipomtaja nimesaini uongo mbele ya mawakili, na hao wakitaka kumpata hawahitaji hata kuuliza njia. Nikimwambia ukweli itabidi aelewe kwamba wiki tano alizotoa katika umri wake zilikuwa za kutengeneza kitu kizima, na kwamba makosa yale matatu niliyatunga mimi. Alinieleza lile la kwanza kwa fahari, Mama, alisema tangu astaafu hajawahi kukutana na kosa la ajabu namna ile. Nilitaka kumkinga mtu yeyote asiingie kwenye hofu hii yangu, ndiyo maana nilinyamaza, na badala yake nimemvuta yeye hadi katikati. Darasani nimesahau jina la mwanafunzi niliyemfundisha miaka mitatu. Nisaini? Nimtaje? Nimwambie, na kama nimwambie, nianzie wapi, au ningoje Jumamosi ipite salama kwanza?

Ni mimi, Mwenye Kiatu Kizito, Židenice, Brno.

*

Mwenye Kiatu, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Ya pili nilitamani ungekuwa jikoni kwangu nikuvute sikio.

Huruma kwanza, nisije nikaonekana sina. Kabla ya kuandika ukurasa huu nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, na najua bahasha nene inavyomfanya mtu mzima kuwa mtoto. Nimeona wanaume wenye mashamba na vyeo wakisaini karatasi ambazo hawakuzisoma, ili tu karatasi iondoke mezani. Hofu yako si ujinga. Uligawa bure kazi ya Jumapili zako kwa miaka kumi na moja, halafu anakuja mtu asiyetengeneza chochote anakuambia umemkosea. Hata mimi ningechukia.

Lakini usinidanganye na mimi, wengine uliowadanganya wanatosha. Unasema ulinyamaza ili kuwakinga watu. Hukunyamaza. Ungenyamaza leo ungekuwa na tatizo moja la kisheria ambalo lina mawakili wake. Wewe ulisema, tena ukaandika, ukatia sahihi na tarehe, kwamba kitu kizima ni kibovu. Mtu mwema akija akakuta kitu kibovu atakitengeneza, ungetarajia nini tena? Na alipokuja ukampa kosa la kutunga, la pili, la tatu. Ulikuwa unamkinga nani kwenye lile la tatu?

Desturi yenu ya kuandika sababu ni desturi nzuri, naipenda kuliko nyingi ninazozijua, laiti mume wangu naye angekuwa na daftari. Lakini wewe umeielewa vibaya kwa woga. Nilikuwa natunza mafaili yenye siri za nusu ya mji huu, na waliponiuliza sokoni sikuwahi kuwaambia faili limeungua. Niliwaambia siwezi kulizungumzia. Wakanuna, wakaenda zao. Ungeweza kuandika vile vile: sehemu hii imeondolewa, sababu haielezwi hapa. Maneno sita tu. Wangekutazama, ndiyo, kama mtu aliyeingia na viatu. Lakini mzee wa watu angejua kwamba kuna mlango uliofungwa makusudi, asingekwenda kuuvunja akidhani kitasa kimekwama.

Mambo ya hataza siyajui, nikampigia mpwa wangu Drahomíra, ambaye ni wakili na ndiyo kazi yake. Nilimsomea barua yako bila majina. Hakuningoja nimalize.

"Shangazi, amesaini?"

"Bado."

"Basi mwambie asiguse hata kalamu. Tamko limeandikwa na mawakili wa upande wa pili, halijaandikwa kwa faida yake. Akishasaini, amewapa walichokuwa hawana."

"Na hiyo Ijumaa?"

"Ijumaa wameipanga wao, si hakimu. Lakini asiipuuze pia. Kuna watu wanaweka barua ndani ya kiatu wakidhani itaoza."

Sikuwa nimemtajia kiatu, nakuapia. Kumbe viatu ni vingi.

Kwa hiyo sikiliza, na ufanye kwa haraka. Leo hii unashuka ghalani, unaitoa bahasha, unaipiga picha kila ukurasa, na unaiandikia ile anwani ya faragha ya mambo ya sheria ya mradi wenu ambayo umeijua muda wote huu. Drahomíra anasema miradi mikubwa ya namna yenu huwa na mawakili wanaopenda sana kupata barua kama hizo mapema na wanaochukia sana kuzipata zimechelewa. Huenda hataza yenyewe imebakiza miezi, huenda haiko hai katika nchi yetu, huenda ni dhaifu, huenda ni imara. Wewe hujui, mimi sijui, wao watajua. Kesho asubuhi unamtafuta wakili wa hataza hapo Brno, ni yeye atakayewajibu wale wa nje na kuomba muda. Usimtaje mtu yeyote kwenye karatasi yoyote. Usiandike chochote kuhusu hili kwenye daftari lenu la dunia nzima, na usifute wala kurekebisha ulichokwisha kuandika huko, maana kufuta ukiwa umeshapokea barua kunaonekana vibaya kuliko kuandika. Ongeza tu mstari mpya, ule wa maneno sita, na chini yake jina lako. Watakuvua ulezi? Labda watakuvua kimoja. Vilivyobaki vitalala salama.

Blanka mwambie leo, kabla hamjala. Mke anayetania kwamba una mwanamke ameshaacha kutania zamani, anakupa nafasi. Atakasirika kwa ajili ya bahasha saa moja, na kwa ajili ya mzee aliyekula keki yake atakasirika mwezi.

Na sasa huyo mzee. Unaniuliza kama ungoje Jumamosi ipite salama. Jumamosi haipiti salama, Radovan. Jumamosi wanatoka watu kumi na wanne, kila mmoja na nakala mkononi kutoka kwa mtu wa miaka sabini na sita aliyeandika namba ya nyumba yake ili wamkute kwa urahisi, na kati ya wote waliohusika yeye peke yake ndiye hajui anachobeba. Wewe una mradi nyuma yako, una mawakili wa mradi, una mshahara wa shule. Yeye ana kengele ya mlangoni. Bado anayo nafasi ya kuamua mwenyewe, akitoe kwenye tovuti au akiache, awape wakutubi au asiwape, amuulize wakili au asimuulize. Huenda akasema haogopi mtu, wazee wa reli nawajua. Ni haki yake. Wewe ulikuwa na haki ya kuogopa, na yeye ana haki ya kuambiwa kuna nini, na kila siku unayongoja unamlia siku yake.

Panda treni uende Tišnov. Usimpigie simu, simu ni ya waoga, na barua pepe usiiwazie hata kidogo. Usipeleke chupa wala keki, ataona umekuja kununua msamaha. Ukikaa, anza na tovuti: mwambie kuna watu wanadai ile sehemu ni yao, umepata barua, na yeye akitoe kile kifurushi leo mpaka amwone wakili. Hilo ndilo la kumkinga, liende mbele. Halafu, hapo hapo, bila kuvuta pumzi ndefu, mwambie kosa la kwanza ulilitunga wewe. Na la pili. Na la tatu. Usiseme mambo yaliingiliana, usiseme ilitokea. Sema nilitunga.

Atakuambia nini sijui. Huenda akarudi kukuita bwana mwalimu, na ukisikia hivyo utajua adhabu yako imeanza, uivumilie bila kulalamika. Ile hitilafu ya miaka minne aliyoigundua ni ya kweli. Iandike kwenye daftari kwa jina lake kamili, si lako, hata kama hasemi nawe tena. Hiyo si malipo. Ni haki yake tangu mwanzo.

Jambo la mwisho. Barua yako ilinifikia jana kwa barua pepe, na leo Jumanne nakutumia jibu hili moja kwa moja, ulisome kabla ya wengine. Alhamisi asubuhi litakuwa gazetini. Majina yenu nimeyabadilisha, miji nimeibadilisha, Drahomíra amelipitia neno kwa neno na amesema hakuna mgeni atakayejua ni kifurushi gani wala ni nani. Mgeni hatajua. Lakini mtu aliyekaa wiki tano akitengeneza kitu ambacho hakikuharibika atajitambua kabla hajamaliza kichwa cha habari, na gazeti hili huko kwake linafika na treni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ya kwako inaondoka Brno kila saa, kuanzia sasa.